Bareti mpya, skrini nyeusi: kwa nini kompyuta hugoma baada ya kuongezewa RAM

Asubuhi kompyuta ilikuwa inawaka vizuri na giga zake nne. Mchana ikaongezewa bareti, yaani kipande cha RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi ikiwa imewashwa. Jioni feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, na skrini ni nyeusi tii. Hapa Lubumbashi, kuanzia vibanda vya kuchapa na fotokopi vya komini ya Kenya hadi kwa wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha mji, kisa hiki kina hukumu mbili zilizozoeleka: "bareti imeungua" na "tupige Windows upya". Ya kwanza huwa kweli mara chache kuliko watu wanavyodhani. Ya pili haiponyi skrini nyeusi ya namna hii hata siku moja, na ndiyo inayoniudhi, maana mtu anaweza kufutiwa kazi yake ya kumaliza masomo kwa kosa ambalo diski haikuhusika nalo kabisa.

Ili kuona kwa nini Windows haina hatia, tazama kinachotokea kati ya kidole kubonyeza kitufe na nembo ya kampuni kutokea kwenye skrini. Umeme ukifika, prosesa inaamka na kusoma maagizo yake ya kwanza kutoka kwenye chipu ndogo iliyobandikwa kwenye ubao mama. Maagizo hayo ndiyo BIOS, au UEFI kwa mashine za karibuni. Wakati huo RAM ipo na umeme inao, lakini bado haitumiki, kwa kuwa hakuna anayejua ni ya aina gani wala inataka kwenda kwa kasi gani. Prosesa inajikimu kwa kumbukumbu ndogo sana iliyo ndani yake yenyewe, na kutoka humo inaiuliza kila bareti: wewe ni nani? Kila bareti ina kichipu kidogo kinachoitwa SPD, ambamo kiwanda kimeandika ukubwa wake, kasi yake na volti inazotaka. BIOS inasoma maelezo hayo, inapanga mambo, kisha inaanza kujaribu. Inaandika kitu, inakisoma, inasogeza muda wa ishara kidogo tu, inaandika tena, waya kwa waya, kama mtu anayezungusha redio usiku akitafuta stesheni mpaka mkwaruzo uishe.

Kazi hiyo ikishindikana, safari inakoma hapo hapo. Diski haijaguswa. Windows haijaitwa. Hata skrini haijapata zamu yake, kwa sababu kompyuta nyingi za kawaida hukata kipande cha RAM hiyo hiyo na kukitumia kuchora picha. Bila RAM hakuna pa kuchorea. Ndiyo maana mashine haiwezi hata kukuandikia kosa lake. Kumbuka basi dalili inayotenganisha mambo: kama huoni nembo ya kampuni wala herufi yoyote, ugonjwa uko kwenye RAM na majirani zake. Kama nembo inaonekana na Windows ndiyo inayokwama, hiyo ni habari nyingine, tutaifikia.

Rudisha ya zamani kwanza

Kabla ya kununua, kusafisha au kubishana na muuzaji, toa bareti mpya na urudishe ya zamani mahali pake pa mwanzo. Jaribio hili dogo linaikata kesi vipande viwili. Mashine ikiwaka, basi ubao mama, prosesa na sloti ile ni wazima, na swali lililobaki ni moja tu: kwa nini mashine hii haielewani na bareti hii? Isipowaka hata na ya zamani, kuna kitu kimeguswa, kimelegea au kimedhurika wakati wa kufungua, na bareti mpya inaweza kuwa haina kosa lolote.

Tuanze na hili la pili, maana sababu yake kuu ni ya kuchekesha: bareti haikuingia vizuri. Kwenye kompyuta ya mezani inahitaji nguvu kuliko mtu mwoga anavyothubutu kutumia. Unasukuma pande zote mbili kwa vidole gumba mpaka kibano cha mwisho wa sloti kifunge chenyewe kwa mlio. Kuna mbao mama zenye kibano upande mmoja tu. Upande wa pili bareti huonekana imeingia kumbe imesimama nusu. Kwenye laptopu inaingia kwa kulala kidogo, kisha unaikandamiza chini mpaka mikono miwili ya chuma ya pembeni iikamate. Inamisha kichwa utazame mstari wa meno ya dhahabu: ukionekana mwingi upande mmoja kuliko mwingine, toa uingize upya.

Kwenye kompyuta ya mezani, mkono ulioingia kuweka bareti mara nyingi umevuta kitu kingine. Angalia kebo nene ya umeme wa ubao mama, ile ndogo ya umeme wa prosesa, na kadi ya picha kama ipo. Angalia pia skrini imechomekwa wapi. Mashine yenye kadi ya picha huwa na soketi mbili za skrini, na wakati wa kurudisha nyaya nyuma ya sanduku ni rahisi kuchomeka kwenye ile isiyotumika.

Kisha kuna umeme uliobaki ndani. Mbao mama nyingi zina taa ndogo inayoendelea kuwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa, na hiyo ni ishara kwamba volti tano za kusubiri bado zinatembea. Kuchomeka au kuchomoa RAM wakati huo ni kutafuta msiba. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, subiri taa ile ife, ndipo uguse. Kwenye laptopu kuchomoa chaja hakutoshi, lazima betri itengwe. Zile ambazo betri yake iko ndani chini ya mfuniko, chomoa kiunganishi chake kwanza. Baadhi zina chaguo ndani ya BIOS la kuizima betri ya ndani kabla ya kufungua.

Wanaokaa mji huu nawaongezea jambo la majira. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi ni kavu, na asubuhi za Juni na Julai watu wanavaa sweta. Ukivua sweta ukasikia ile cheche kidoleni, umetoa volti kama elfu tatu au zaidi, kwa kuwa chini ya hapo binadamu kwa kawaida hahisi kitu. Chipu inaweza kudhurika kwa cheche ndogo ambayo wewe hukuisikia. Gusa chuma tupu cha sanduku la kompyuta kabla ya kushika bareti, ishike kwa kingo zake, usiifungulie juu ya blanketi. Vumbi letu jekundu nalo halina huruma: likiingia ndani ya sloti, jino moja tu lisilogusana linatosha kuizuia mashine nzima. Pulizia sloti kwa hewa kavu, au tumia brashi laini. Meno ya bareti yafute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa alkoholi ya kusafishia vifaa. Raba nyeupe ya shule inafanya kazi pia, ilimradi ufutie mbali na mashine na kupangusa mabaki yote. Kupuliza kwa mdomo ni kupeleka mate ndani, na mafuta ya petroli, niliyoona yakitumika, yaachiwe pikipiki.

Sikiliza milio, tazama taa

Mashine isiyoweza kuandika kwenye skrini hujaribu kusema kwa njia nyingine. Kompyuta nyingi za Dell za mezani za miaka iliyopita hulia mara mbili zikiwa hazioni RAM yoyote, na mara nne zikiwa zinaiona lakini haisomeki vizuri. Zile HP Compaq za ofisini, ambazo zimejaa mjini, huwasha taa nyekundu kwenye kitufe mara tano na milio mitano, zinapumzika, zinarudia: hiyo ni RAM. Mlio mrefu unaojirudia bila kukoma, kwenye mashine zenye BIOS ya Award, nao ni RAM. Lugha hizi hutofautiana kampuni na kampuni, hata modeli na modeli, kwa hiyo hesabu milio, andika rangi ya taa, kisha tafuta maana kwa jina kamili la modeli yako.

Kuna jaribio ambalo watu wanaliogopa bila sababu. Toa bareti zote, kisha washa. Mashine yenye spika ndogo ya ndani inapaswa kulalamika. Ikilia, furahi: prosesa iko hai, BIOS iko hai, na zimetambua kwamba RAM haipo. Ikikaa kimya kama ilivyokuwa kimya na bareti, tatizo liko chini zaidi ya RAM, na hapo bareti mpya kumi hazitakusaidia. Mbao mama nyingi zilizounganishwa na mafundi hazina spika. Kuna kispika kidogo chenye kiunganishi cha pini nne kinachochomekwa pembeni mwa ubao, na fundi yeyote wa kweli anacho kwenye droo.

Lebo imesema yote

Sasa turudi kwenye kipande cha kwanza, ambacho ndicho kinachokula pesa za watu: ya zamani inawaka, mpya haiwaki. Kisa kimoja cha komini ya Kamalondo kinaonyesha vizuri. Kijana alileta laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, zile ambazo namba yake inaishia na herufi U.

"Papa, masini inawaka lakini ekra iko nyeusi tu."

"Ulitia nini ndani?"

"Bareti mupya ya giga munane. Muuzaji alisema ni DDR3, na masini yangu iko DDR3."

"Leta nione etiketi."

Fundi akaziweka bareti mbili mezani, moja juu ya nyingine, lebo zikitazama juu. Ya zamani: 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. Mpya: 8GB 2Rx8 PC3-12800S. Muuzaji hakudanganya, zote ni DDR3. Lakini ya zamani ina herufi L, na mpya haina. L inamaanisha volti za chini: DDR3L inafanya kazi kwa volti 1.35, DDR3 ya kawaida inataka 1.5. Laptopu za kizazi kile zilijengwa kutoa 1.35 tu ili kuokoa betri, kwa hiyo bareti ya 1.5 inaingia kwenye sloti bila shida, inapata umeme pungufu, na haijibu. Kinyume chake hakina tatizo, kwani DDR3L inavumilia volti 1.5 na inaweza kukaa kwenye laptopu ya zamani zaidi. Bareti ya kijana ilikuwa nzima kabisa. Ilikwenda kwenye laptopu ya kizazi cha pili ya mteja mwingine na ikawaka papo hapo.

Lebo ile fupi inastahili kusomwa yote. Namba ya kwanza ni ukubwa. 1R au 2R ni idadi ya safu za chipu ambazo prosesa inaziona kama makundi tofauti. x8 ni upana wa kila chipu, yaani inatoa biti nane kwa mara moja. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Namba 12800 ni megabaiti kwa sekunde. Igawe kwa nane upate 1600, kasi ambayo watu huitaja. Kwenye DDR4 wameturahisishia, wanaandika 2400, 2666 au 3200 moja kwa moja. Herufi ya mwisho kwenye PC3 ndiyo inayouza watu: S ni ya laptopu, U ni ya kompyuta ya mezani, E ni ya mezani yenye ulinzi wa makosa, na R ni ya seva.

Hiyo R iogope. Seva zinapoondolewa kazini kwenye makampuni, RAM zake huingia sokoni kwa bei ya chini sana, giga nyingi kwa dola chache, na mtu anadhani amepata. Zinafanana na za mezani kwa urefu, kwa idadi ya meno, hata kwa pengo lililokatwa katikati ya meno. DDR3 ya mezani ina meno 240, ya seva pia 240. DDR4 zote mbili 288. Inaingia na kufunga kabisa. Tofauti ni chipu ya ziada katikati ya bareti inayopokea amri na kuzisambaza, na ubao mama wa kawaida haujui kuongea na chipu hiyo. Matokeo ni skrini nyeusi, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaookoa hali.

Kuchanganya kizazi na kizazi, kwa bahati, kumezuiwa na wahandisi wenyewe. DDR3 ya laptopu ina meno 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na pengo limehamishwa kila mara ili bareti isiingie pasipo pake. Bareti ikigoma kuingia, usiisaidie kwa nguvu. Nimeona sloti iliyopasuliwa na mtu aliyekuwa na hakika kwamba "inabana tu".

Halafu kuna tatizo ambalo hata wauzaji waaminifu hawalijui, la ujazo wa chipu, yaani kila chipu moja inabeba gigabiti ngapi. Chukua bareti ya DDR3 ya giga nne. Giga nne (gigabaiti, kila baiti ikiwa biti nane) ni gigabiti 32. Kiwanda kinaweza kuzipata kwa chipu kumi na sita za gigabiti mbili kila moja, nane huku na nane kule. Lebo itasema 2Rx8. Au kwa chipu nane tu za gigabiti nne. Lebo itasema 1Rx8. Kwa mtumiaji ni giga nne ile ile. Kwa mashine ya enzi za Core 2 Duo, au kizazi cha kwanza cha Core i, ni dunia mbili: mashine hizo ziliundwa kabla ya chipu za gigabiti nne kuenea, na haziwezi kuhesabu anwani zake. Zikipewa 1Rx8 ya giga nne zinakaa kimya, au zinaona nusu. Kwa hiyo kwa laptopu kongwe, tafuta bareti yenye chipu kumi na sita, nane kila upande. Ni moja ya nafasi chache maishani ambapo kitu cha zamani zaidi ndicho sahihi, na huwa nahesabu chipu kabla ya kuangalia bei.

Mantiki hiyo hiyo inapanda juu. Kompyuta za Intel hadi kizazi cha nne hazikubali bareti moja ya DDR3 ya giga kumi na sita, hata kama sloti ziko wazi. Mbao mama zenye chipseti (chipu kuu ya ubao) ya G41 zinaishia giga nane kwa jumla, za H61 kumi na sita. Na ukikutana na DDR3 za mezani za bei rahisi ajabu zilizoandikwa kuwa ni za AMD tu, amini maandishi hayo. Nyingi zimejengwa kwa chipu za x4, ambazo prosesa za kawaida za Intel hazizikubali. Mwenye mashine ya AMD anaweza kuzifurahia. Mwenye Intel atarudi dukani akilaumu.

Moja moja zinawaka, pamoja zinagoma

Hili linachanganya watu, lakini lina maana. Bareti mbili tofauti zikikaa pamoja, mashine inatafuta kasi ambayo zote zinaiweza, yaani ile ya mzee kati yao. Kwa kawaida inafaulu. Isipofaulu, huwa ni kwa sababu prosesa inabebeshwa mzigo wa umeme mkubwa zaidi kwenye nyaya zile zile, au kwa sababu bareti moja iliwekewa kasi ya juu kupitia wasifu wa XMP ndani ya BIOS, na nyingine haiwezi kuifikia. Zima XMP, rudi kwenye kasi ya kawaida, kisha jaribu zote.

Mpangilio wa sloti nao una neno. Kwenye ubao mama wenye sloti nne, ukiwa na bareti moja, mara nyingi inatakiwa sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, na mbili zinatakiwa ya pili na ya nne. Zimeandikwa A2 na B2 kwa herufi ndogo sana. Tumia tochi ya simu. Jaribu kila bareti peke yake kwenye sloti moja unayoiamini, kisha bareti moja unayoiamini kwenye kila sloti. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Fundi anayebadilisha bareti, sloti na BIOS kwa pamoja anaweza kuiwasha mashine, lakini hatajua kilichoiponya, na ikigoma kesho ataanza upya kwa malipo yako.

Mashine zenye DDR5 zina tabia yao. Baada ya kubadilishiwa RAM, lile zoezi la kutafuta muda wa ishara linaweza kuchukua dakika kadhaa, skrini ikiwa nyeusi muda wote. Mwenye haraka anabonyeza kitufe kuzima, zoezi linaanza upya, anabonyeza tena. Ipe robo saa. Na usilifanye kwa umeme wa ukutani peke yake siku ambayo SNEL, shirika la umeme, inakata na kurudisha.

Kufuta BIOS, na ugonjwa unaoletwa na dawa

Ikiwa bareti ni ya aina sahihi, imekaa sawa, na bado mashine imeng'ang'ania, kuna uwezekano BIOS imeshikilia mipangilio ya RAM ya zamani. Hapo ndipo inaporudishwa mwanzo: chomoa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 ya volti tatu, subiri dakika chache, irudishe. Mbao nyingi za mezani zina pia pini mbili au tatu za kufanya kazi hiyo, zimeandikwa CLR_CMOS au jina linalokaribiana na hilo.

Dawa hii inasaidia kweli, lakini kila mipangilio inafutika, na si ya RAM peke yake. Saa inarudi miaka nyuma, na ghafla kivinjari kinakataa kufungua kurasa kwa madai kwamba vyeti vya usalama si halali. Rekebisha tarehe, vyeti vitapona. Jambo kubwa zaidi: diski iliyokuwa ikisomwa kwa AHCI inaweza kurudishwa kwenye RAID au IDE, na mashine iliyokuwa ikianza kwa UEFI ikarudi kwenye mtindo wa zamani. RAM sasa imeshapona, nembo inaonekana, kisha Windows inaanguka kwa skrini ya bluu au mashine inasema haioni diski ya kuanzia. Hapa ndipo watu wengi wanafutiwa mafaili. Ingia BIOS, rudisha mpangilio wa diski na wa kuanzia ulivyokuwa, na Windows ile ile itafunguka. Kwa hiyo kama mashine bado inawaka na bareti ya zamani, ingia BIOS na upige picha za kurasa zote kwa simu kabla ya kugusa betri hiyo. Laptopu za kazini zenye BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski, zinaweza pia kudai ufunguo wa kurejesha baada ya BIOS kufutwa. Uwe nao mkononi kwanza.

Inawaka, lakini

Mashine iliyowaka haijamaliza kesi. Fungua maelezo ya mfumo uone giga ngapi zimeonekana. Windows ya kawaida ya biti 32 haivuki giga nne hata ukiwekea kumi na sita, na kwa kawaida inakuonyesha tatu na kitu. Hapo hakuna kilichoharibika. Windows 7 Home Basic inaishia giga nane hata ikiwa ya biti 64. Lakini kama ni Windows 10 ya biti 64 na nusu ya RAM imeandikwa kuwa imetengwa kwa ajili ya vifaa, rudi kwenye meno na sloti: mara nyingi bareti moja haigusani vizuri.

Kinachosumbua zaidi ni bareti inayopita ukaguzi wa kuwaka kisha inasahau. Kivinjari kinajifunga, faili la Word linafunguka likiwa na herufi za ajabu, skrini ya bluu inakuja na jina tofauti kila mara. Ukaguzi wa BIOS ni wa sekunde chache tu, na chipu yenye kasoro ndogo inaupita. Windows ina kipimo chake. Andika mdsched kwenye nafasi ya kutafutia na ukubali kuwasha upya. Kilicho kikali zaidi ni MemTest86, kinachoanza kutoka kwenye flashi kabla ya Windows. Kwa giga nane au kumi na sita kinaweza kula saa nyingi, kwa hiyo kiache usiku, bareti moja moja, na chaja ikiwa nyuma ya kifaa cha kusawazisha umeme.

Kabla ya yote hayo, bila shaka, ni bora ununuzi wenyewe uende sawa. Piga picha lebo ya bareti ya zamani na lebo ya modeli chini ya mashine. Angalia pia kama laptopu yako ina sloti hata moja, maana nyingi nyembamba za siku hizi zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao. Beba mashine yenyewe dukani, iwashwe pale pale kwa bareti mpya, na mkubaliane juu ya kurudisha kabla pesa hazijabadilisha mikono. Kasoro ikijitokeza baadaye kwenye MemTest86, hata kosa moja linatosha. Piga picha ile mistari myekundu pamoja na namba ya bareti, kisha mpelekee muuzaji vyote viwili.